Barua ya kufunga muhula: hili suala la watoto kupindua hadithi

Ndugu wazazi na walezi,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za leo.

Muhula umeisha, watoto wanarudi nyumbani leo mchana na ripoti zao, naomba mzifungue mbele ya mtoto mkae mzisome wote, sio zinawekwa juu ya kabati mpaka siku ya kufungua. Ya mchango wa uji nilishasema kwenye kikao sirudii, ambao hawajamaliza wanajijua na mwalimu wa daftari la uji anawajua. Darasa la nne na la saba wana ratiba yao ya likizo, mwalimu wa taaluma ataituma kwenye grupu. Sweta ni za bluu jamani, sio rangi yoyote inayokaribiana na bluu. Basi, hayo yameisha, barua yenyewe ni ya jambo lingine.

Muhula huu nimepigiwa simu sana, na nyingi zilikuwa za kitu kimoja, hizi hadithi za kupindua. Mzazi mmoja kaniuliza shule imeanza lini kufundisha watoto uongo. Mwingine mtoto wake kamkatiza bibi yake katikati ya hadithi, kamwambia bibi hapo nyani asingekubali kirahisi hivyo, bibi kanuna, simu ikaja kwangu. Na kuna babu mmoja (huyu kwa kweli nampenda) alikuja mwenyewe mpaka ofisini na fimbo yake kuniambia sungura ni mjanja toka enzi za baba yake na hawezi kukubali leo awe mjinga kwa sababu ya darasa la tano. Kwahiyo nimeona bora niwaeleze kinachofanyika, maana mkisikia nusunusu kutoka kwa mtoto mtadhani walimu wangu wamechanganyikiwa.

Mwalimu anachukua hadithi ambayo kila mtoto anaijua, iwe ya sungura na kobe, ya nyani na papa, ya kisima, au Sinderela wanayemuona kwenye katuni (yule binti anayezuiwa na mama wa kambo kwenda sherehe, akaenda kwa uchawi, na mwana wa mfalme akamtafuta kwa kiatu alichoacha), alafu mtoto anatakiwa abadilishe kitu kimoja aiandike upya kuanzia mwanzo. Kimoja tu. Anaweza kubadilisha anayesimulia, au mahali, au tabia ya mtu mmoja, au kitu kimoja kilichomo. Ila akishabadilisha ana deni, kila kitu kingine kwenye hadithi lazima kikae sawa na hicho alichokigusa, na wenzake darasani kazi yao ni kumdai hilo deni, wanauliza na kuuliza mpaka aidha hadithi isimame au mwenyewe akubali kurudi kukaa chini kuifikiria tena. Hapo ndipo watoto wanapotoka jasho.

Na kabla ya kalamu kuna mdomo. Mtoto anasimama anasimulia hadithi ya asili bila kusoma popote, akiruka kitu wenzake wanamrudisha, alafu wanaandika ubaoni: nani, anataka nini, nini kinamzuia, mwishoni inakuwaje. Asiyeweza kuisimulia ya zamani haruhusiwi kuipindua. Hili nalisema kwa wale waliodhani tunatupa za zamani, sidhani kama kuna muhula watoto wa shule hii wamezijua hizo hadithi kwa undani kama huu.

Kuna vitu viwili tumepiga marufuku. Cha kwanza ni ule mwisho wa "akashtuka kumbe ilikuwa ndoto", maana mwanzoni nusu ya darasa walikuwa wakikwama tu wanashtuka. Cha pili ni kumpa sungura simu alafu kusema umeshapindua, au Sinderela kaenda kwenye sherehe na bajaji badala ya gari la boga, hiyo ni kubadilisha usafiri tu. Lakini hapo kwenye simu pakatokea ubishi mzuri darasa la tano mpaka mimi mwenyewe nikasimama mlangoni kusikiliza. Mtoto kaandika Sinderela ana simu janja. Mwenzake akanyoosha mkono, kama ana simu kiatu cha nini, si mwana wa mfalme atamuomba namba? Darasa likacheka, mwenye hadithi kakaa kimya, unaona kabisa anatafuta pa kutokea. Baadae akasema namba alimpa, ila kila akipiga anapokea mama wa kambo. Mwalimu hakuongeza neno hapo, na mimi nisingeongeza. Simu imeingia kwenye hadithi, imeua kiatu, na imeleta kizuizi kipya kilicho sawa na tabia za watu waliokuwepo toka mwanzo. Mtoto wa miaka kumi na moja huyo.

Sasa niwaeleze moja kwa urefu, ya kundi la darasa la sita, maana hii ndiyo iliyonifanya nikawaambia walimu somo hili halitoki kwenye ratiba.

Wao waliamua mama wa kambo awe mtu mzuri. Basi, kitu kimoja. Mwalimu akauliza, haya, kama ni mzuri nani anamzuia Sinderela kwenda sherehe? Kimya. Maana kweli mkitoa roho mbaya ya yule mama hadithi nzima inalala, binti anaomba ruhusa, anapewa, anaenda, mwisho. Wakarudi nayo nyumbani, kesho yake wakaja na jibu kwamba mama ni fundi cherehani, ni mjane, ana madeni, na watu wote wa mji wameleta nguo za sherehe kwake, kwahiyo Sinderela hafanyishwi kazi kwa chuki bali kwa sababu oda ni nyingi na wote ndani hawalali. Wanatia vifungo, wanapiga pasi ya mkaa, wanakunja pindo. Nyumba imejaa magauni mazuri na hakuna hata moja lao. (Nadhani kila mtu hapa kijijini anajua wameitoa kwa fundi gani, sisemi.)

Alafu usiku wenyewe mama anamwonea huruma, anampa gauni la mteja mmoja ambaye alisafiri na atakuja kulichukua alfajiri. Anamwambia nenda ila saa sita uwe umerudi, nilifue, nilikaushe kwa pasi, nilikunje. Wazazi, saa sita ya usiku kwenye ile hadithi ya kawaida sikuwahi kuona inaeleweka, uchawi unaisha saa sita kwa sababu gani, hakuna anayejua. Hawa watoto wameipa sababu ambayo mtu yeyote aliyewahi kungojea nguo kwa fundi anaielewa.

Wakadhani wamemaliza. Wakamfikisha mwana wa mfalme mlangoni na kiatu. Hapo mtoto mmoja wa kike wa kundi hilohilo akasema ngoja, kiatu nacho si cha mteja? Gauni lililetwa na viatu vyake wapimie urefu! Kwahiyo wakitafuta mwenye kiatu watamfikia mteja, sio Sinderela. Nilivyoambiwa walitaka kumpiga yule mtoto. Walibishana mpaka kengele ya kwenda nyumbani, wengine wanasema tufute kiatu, wengine tufute mteja, na mwalimu kakataa vyote viwili, mlichoandika mkitumie. Mwisho wao ukawa hivi: watumishi wanafika kwa mteja, kiatu kinamwingia, anachukuliwa na shangwe mpaka kwa mfalme, kule mwana wa mfalme anamuangalia anasema siye, ila gauni ndilo. Mteja anasema mimi nilikuwa safarini, gauni lilikuwa kwa fundi. Na ndani ya pindo la gauni kuna shono ambalo Sinderela alilishona upya usiku ule baada ya kukanyaga pindo akicheza, kwa uzi wa rangi isiyofanana maana ule wa rangi yake ulikuwa umeisha. Wakaenda kwa fundi na gauni mkononi kuuliza nani ameshona hapa.

Hawajaandika kama Sinderela aliolewa. Nilipowauliza wakaniambia mwalimu, kwanza alipwe.

Nimeirefusha makusudi. Mtoto aliyefikia kuuliza "kiatu si cha mteja?" ameshika hadithi nzima kichwani kwa wakati mmoja, anajua nini kimetoka wapi na kinaenda wapi, na hicho ndicho tunachohangaika kumfundisha kwenye ufahamu, kwenye insha, hata kwenye zile hesabu za mafumbo za Juma kaenda sokoni. Walioniuliza mtihani utakuwaje na watoto wanacheza na hadithi, ndio jibu langu hilo, na fungueni ripoti muangalie Kiswahili.

Ya kisima ilileta mambo zaidi. Hadithi mnaijua, ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, sungura anakataa kuchimba, alafu usiku anakuja kuiba maji, anawadanganya walinzi na asali mpaka wanakubali wafungwe kamba, mwishowe kobe anapakwa ulimbo mgongoni anajificha majini ndo anamnasa. Mtoto wa darasa la tano kaibadilisha, sungura hakukataa. Alichimba kuliko wote, ila fisi aliyekuwa na daftari la majina hakuliandika la kwake. Basi maji yalipotoka akaambiwa wewe hujaandikwa. Kila anachofanya sungura kwenye hadithi ya asili kimebaki, asali ileile, kamba ileile, ulimbo uleule, lakini sasa unasoma ukiwa upande wake, na kobe anapomnasa hata hushangilii. Nilisikia kuna mjumbe wa kamati ya maji alikasirika akasema kaandikwa yeye. Mimi sijaona jina la mtu pale, nimeona fisi mwenye daftari.

Na kuna kamoja ka darasa la nne, nusu ukurasa tu, kameandika ile ya nyani na papa kwa sauti ya sultani wa papa, yule mgonjwa anayesemekana atapona akila moyo wa nyani. Kwenye hadithi yeye hata haonekani, anatajwa tu. Mtoto kaandika: "Mimi ndiye ninayeumwa. Hakuna aliyeniuliza kama napenda moyo." Akaishia hapo, akasema amechoka kuandika. Mwalimu kampa alama zote.

Sasa nije kwa mliosema tunaharibu hadithi za wazee. Wazee wenyewe hawakukaa wakizilinda kama hati ya kiwanja, walizipindua kila zilipopita mikononi mwao. Mbio za sungura na kobe, nusu yenu mmekua mkijua sungura alilala njiani, nusu yenu mmekua mkijua kobe alipanga ndugu zake njia nzima kwa sababu wanafanana, wa kwanza akaanzia na wa mwisho akasubiri kwenye mstari. Ipi ndiyo ya wazee? Na ile ya mtoto mwenye kofia nyekundu aliyekutana na mbwa mwitu, Mfaransa Charles Perrault alipoichapisha mwaka 1697 mtoto aliliwa, hadithi ikaisha, hakuna wa kumuokoa. Yule mwindaji anayempasua mbwa mwitu tumbo mnamuona kwa ndugu wawili akina Grimm wa Ujerumani mwaka 1812.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa kwetu. Perrault huyohuyo, mwaka huohuo, alichapisha hadithi ya paka mwenye buti. Kijana maskini karithi paka tu, paka anapeleka zawadi kwa mfalme akisema zimetoka kwa bwana wangu, anambandika bwana wake cheo asichokuwa nacho, anamwambia aingie mtoni kuoga alafu anapiga kelele ameibiwa nguo, mfalme anamvisha, paka anaenda kulidanganya zimwi lijigeuze panya, analila, jumba linakuwa la bwana wake na binti mfalme anaolewa. Haya, nendeni Zanzibar. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alikusanya hadithi kule kutoka kwa wenyeji akazichapisha mwaka 1870, na mojawapo ni ya maskini Haamdani anayechakura jaani kutafuta punje za mtama. Anaokota thumuni, badala ya kununua chakula ananunua paa, yule mnyama wa porini. Paa huyo anapeleka almasi kwa sultani, anasema bwana wangu ni Sultani Darai, anamfikisha Haamdani mtoni anasema kanyang'anywa kila kitu, anaua joka lenye vichwa saba lenye jumba lake, na Haamdani anaoa binti wa sultani. Mifupa ni ileile kabisa, paka na paa.

Ila angalieni mwisho. Paka wa Ufaransa anakuwa bwana mkubwa, panya anawakimbiza siku akitaka kujifurahisha. Paa wa Zanzibar anaugua, na bwana wake aliyetolewa jaani na yeye anaagiza apikiwe uji wa mtama tu, haendi hata kumuona, paa anakufa na anatupwa kisimani kama takataka. Usiku Haamdani anaota anachakura jaani, akiamka kweli yuko jaani. Hadithi mbili za mifupa ileile, moja inasema ujanja unalipa, nyingine inamuuliza aliyefaidika amemlipa nani. Mtu fulani kati ya huko na huku, sijui ni bibi wa nani, alishika kitu kimoja akakigeuza. (Watoto wajanja hawa, nilivyowasimulia mmoja kasema mbona huyo ameamka kama ndoto na sisi mmetukataza. Nikamjibu yeye aliota alafu ikawa kweli, nyie mnaota ili mkimbie. Hakuridhika.)

Kuhusu adabu niko pamoja nanyi. Mtoto hamkatizi bibi. Tumewaambia na tutarudia, hadithi inasikilizwa mpaka iishe, unaitikia panapotakiwa kuitikiwa, unashukuru, alafu ndio unauliza, na unauliza "bibi, je kama nyani asingekubali ingekuwaje?" sio "bibi hapo umekosea". Mkiona anafanya vingine mrudisheni. Ila naomba na nyie akiuliza vizuri msimfukuze na "hadithi ndivyo ilivyo", maana wasimuliaji wazuri ninaowakumbuka mimi walikuwa wakiulizwa hivyo ndio wanachangamka, wanatoa kipande ambacho hukuwahi kukisikia.

Na hapa ndio nafika kwenye ombi. Shida kubwa tuliyoipata muhula huu sio watoto kupindua, ni kwamba wengine hawana cha kupindua. Unamwambia simulia hadithi uliyosimuliwa nyumbani, anakutajia katuni. Ukimtajia zimwi anakuuliza ni nani. Simlaumu mtoto, na nyie najua mnarudi usiku mmechoka, umeme ukiwepo televisheni inawaka, usipokuwepo kila mtu na simu yake mpaka chaji iishe. Lakini hatuwezi kumfundisha mtoto kugeuza kitu ambacho hakimo kichwani mwake, na vitabu vya maktaba yetu mnavijua vilivyo, kuna kimoja kinasomwa na watoto sita na ukurasa wa mwisho hakina.

Kwahiyo kazi ya likizo ni hii, kuanzia darasa la tatu mpaka la sita. Kila mtoto asimuliwe hadithi moja na mtu mzima wa nyumbani au wa ukoo, kwa mdomo. Baba akiisimulia itakuwa vizuri, maana madaftari ya mwaka jana yamejaa bibi tu. Ikiwa kwenu mnasimulia kwa Kisambaa, Kizigua, Kidigo, Kigogo, chochote, simulieni kwa hicho hicho, mtoto ataileta kwa Kiswahili mwenyewe na hiyo nayo ni kazi. Bibi akiwa mbali anaweza kutuma voisi. Hadithi ikiwa ya kutisha ni sawa, ikiwa chafu kidogo naomba mtumie busara, hizo mnazijua zenyewe. Mtoto aiandike kama alivyosimuliwa, bila kuipindua, ya kupindua tutaifanya tukirudi.

Na tafadhali msimwandikie. Walimu wanajua. Mtoto wa darasa la nne haandiki "hali iliyopelekea sungura kuchukua maamuzi magumu", hiyo ni barua ya kazi ya mtu. Akikosea herufi aachwe akosee, tutasahihisha huku.

Yule babu wa fimbo nimemwomba aje wiki ya kwanza ya kufungua, Jumatano baada ya mapumziko ya uji, awasimulie darasa la tano sungura wa kwake na amekubali, ila kasema na wao wamsomee wa kwao na yeye atahukumu. Mzazi mwingine anayejua kusimulia na ana nafasi anipigie au amwambie mwalimu wa darasa, hatuna posho, kuna uji.

Tarehe ya kufungua imeandikwa juu kabisa ya ripoti. Daftari la hadithi liwe la kurasa 48, lisiwe lile la Kiswahili la kawaida, na jina liandikwe nje.

Likizo njema,

Mwalimu Mkuu